Mita Tisa Kichwa Chini

Jumapili, 9 Machi

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, wala kuliandika popote. Mistari ya mche wa tatu niliichora mimi. Fomu inasema aliyechora ni shangazi, na saini ni yake, lakini mkono ulioshika kalamu ulikuwa wangu.

Nieleze vizuri, maana nikizeeka nitasahau. Shangazi ni mtunza ghala la miamba la kampuni ya gesi. Naishi naye tangu nikiwa darasa la tatu, katika nyumba ya vyumba viwili ambayo kampuni inawapa wafanyakazi wake. Mtambo wa kuchimba ukishafika kilomita mbili na zaidi chini ya ardhi, hukata mwamba na kuutoa ukiwa mzima, wa mviringo, mnene kama paja la mtoto. Ghalani tunauita mche, kama mche wa sabuni. Kila mche una urefu wa mita tisa. Ukifika tu, kabla ya jambo lingine lolote, unachorwa mistari miwili kutoka mwisho hadi mwisho, mmoja mwekundu na mmoja mweusi. Unasimama kwenye miguu ya mche, yaani upande uliokuwa chini zaidi ardhini, unatazama kichwa chake, na unachora nyekundu ikiwa kulia na nyeusi kushoto. Kisha hukatwa vipande na kupangwa masandukuni. Kuanzia hapo, hata kipande kikidondoka na kuviringika chini ya meza, ukikiokota unajua upande upi ulikuwa unatazama mbinguni. Shangazi husema mche usio na mistari ni kokoto za bei mbaya.

Likizo iliyopita, siku ya mvua ya kwanza, shangazi alibanwa kidole ghalani. Mimi nilikuwa stoo ya nyuma, nasoma. Alichungulia akiwa amekifunga kidole kwa leso iliyolowa damu, akasema, "Mama, naenda zahanati. Nichoree mche wa tatu na uandike namba za kina, unazijua. Ila usimwambie mtu."

Nikachora. Darasani siwezi kuomba ruhusa ya kwenda msalani bila sauti kunikauka, lakini siku ile, peke yangu na mita tisa za mwamba, nilianza bila kusita. Mistari ilinyooka mpaka nikarudi nyuma kuitazama. Ni siri tamu. Nimeiandika ili niache kuitafuna.

Jumanne, 11 Machi

Mvua.

Alhamisi, 13 Machi

Mvua. Mwalimu wa jiografia aliuliza mwambatope ni nini. Jirani yangu wa dawati, ambaye huniita Bubu na anadhani ni jina la kubembelezana, alijibu kwamba ni tope lililowekwa simenti. Darasa likacheka. Mimi nilikuwa nalo jibu zima: ni matope ya kale yaliyolala chini ya maji, yakagandamizwa na yaliyofuata juu yake mpaka yakawa jiwe lenye kurasa nyembamba kama kitabu. Nikalimeza. Limekaa kooni mpaka sasa hivi.

Jumamosi, 15 Machi

Leo nilikwenda ghalani kumpelekea shangazi chakula, nikakaa mpaka jioni. Kijana wa maabara alikuwa anavunja miamba. Tunamwita Kishindo kwa sababu ya mashine yake ya kubana, ambayo ikipasua jiwe madirisha yanalia.

"Ziba masikio, profesa," akaniambia. Akaweka kipande kifupi kutoka juu ya mche wa tatu, akaanza kubana. Kimya, kimya, halafu paa. Kikawa chenga.

Akaweka kingine, cha chini ya mche uleule. Nikaziba masikio bure. Kilivimba tumbo, kikajikunja ubavuni, kikabaki kimekaa kama mtu aliyeshiba.

"Huyu hajui hata kufa," Kishindo akasema. "Umeona tofauti? Gesi imejificha ndani ya vitundu ambavyo hata hadubini yangu inavitafuta kwa tabu. Haitoki mpaka mwamba upasuliwe. Tunasukuma maji yenye mchanga kwa nguvu. Huyu wa kwanza anapasuka, mchanga unaingia kwenye ufa, unaushikilia wazi kama jiwe unalowekea mlango. Gesi inapita. Huyu wa pili ana udongo mwingi. Ukimpasua leo, kesho ameumeza mchanga wako na amefunga mdomo."

"Kwa hiyo unatafuta mwamba mgumu," nikasema. Kwa Kishindo naweza kusema.

"Mgumu wa kukatika, si mgumu wa kubishana. Lakini hapa kuna kituko. Mche wa pili wote laini. Wa tatu, mita nne za juu ngumu, tano za chini laini. Wa nne, ngumu tena kuanzia juu. Laini, ngumu, laini, ngumu. Hii ni ardhi au keki?"

Mhandisi akaingia wakati huo. Ni mtu mrefu anayetazama saa ya mkononi hata akisalimiwa. Nikasema shikamoo, akasema marahaba kwa ile saa. Kina anachokitaka ni mita 2,420, katikati ya zile mita nne ngumu. Kwenye kina hicho kisima kitakunja kona na kwenda kwa ubavu kilomita moja na nusu ndani ya tabaka hilohilo. Kifaa cha kupimia kilinasa humo kisimani mwezi uliopita na hakijatoka, kwa hiyo wanategemea miche peke yake.

"Tunasubiri barabara tu," akasema. "Malori ya mabomba hayawezi kupita bondeni na mvua hii. Nipeni siku tatu kavu, naanza kukunja."

Nilirudi nyumbani nikijivuna. Mita 2,420 iko ndani ya mche wangu.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Lori moja limezama bondeni mpaka kwenye ekseli.

Jumatano, 19 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mke wa fundi umeme, jirani yetu, alikuja kukaa barazani na shangazi. Walikuwa wanachambua maharage, mimi niko ndani na hesabu. Jirani akauliza kidole kilipataje lile kovu.

"Si ile siku paa lilipotuvujia," shangazi akasema. "Mwambatope na maji havikai nyumba moja, ukilowa unafumuka kama mkate kwenye chai. Tukaamua kuisukuma ile meza ndefu ya magurudumu, mche wa tatu ukiwa juu yake, mimi na Kishindo, tuihamishie upande mkavu. Kuna nguzo pale katikati. Ilibidi tuizungushe nzima nzima kama lori linalogeuza. Ikaingia kinyume, kichwa cha mche mlangoni, miguu ukutani. Nikasema nitakumbuka. Ndipo ikanibana kwenye nguzo, na wewe ukibanwa kidole unakumbuka nini zaidi ya mama yako?"

Jirani akacheka. Penseli ikanidondoka.

Miguu ya mche hulala mlangoni siku zote, maana ndivyo malori yanavyoshusha. Siku ile nilitoka stoo, kichwa kimejaa kitabu, nikasimama mlangoni kama ninavyomwona shangazi akisimama miaka yote. Nikachora. Nikaandika namba kuanzia ukutani kuja kwangu.

Kama ni hivyo, mche wa tatu umelala masandukuni kichwa chini, miguu juu, mita zote tisa. Ngumu iliyo juu ni ya chini. Na kina cha mita 2,420 ni udongo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Namshukuru Mungu kwa mvua. Kila mtu mtaani anainung'unikia, mimi naiombea iendelee.

Labda nimekosea. Labda nilisimama kule ukutani na nimesahau. Nilitafuta kwenye kitabu cha maktaba namna ya kujua juu na chini ya mwamba bila kuuliza mtu. Kinasema mafuriko yakimwaga mchanga, chembe nene hutangulia chini na laini hufuata juu. Sikutaka kukiamini hivi hivi. Nimechukua chupa ya jemu, nikatia mchanga wa uani, tope la mferejini na maji ya mvua. Nimetikisa mpaka bega likauma. Ipo dirishani.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua. Chupa imetulia. Nene chini, laini juu, kama kitabu kilivyosema. Nimetikisa tena, nikasubiri tena. Ni vilevile.

Jumamosi, 22 Machi

Nilikwenda ghalani na kioo cha kukuzia cha maabara ya shule, nilichokiazima kwa kuandika karatasi ya kuomba, maana kuomba kwa mdomo kulinishinda.

Kwenye mche wa pili kuna vijistari vya mchanga ndani ya tope, vyembamba kama unyasi. Nilihesabu kumi na viwili. Vyote kumi na viwili ni vinene chini na vinafifia kwenda juu. Mche wa nne, vijistari tisa, vyote hivyohivyo.

Mche wa tatu una vijistari kumi na tano, na vyote vinene juu.

Nilivitazama mara tatu. Nilitamani hata kimoja kinitetee. Hakuna mafuriko yaliyomwaga mchanga kinyume kwa mita tisa kisha yakajirekebisha. Na ile keki ya Kishindo imekwisha: ukiugeuza mche wa tatu, unapata laini juu, ngumu chini, na mche wa nne unaendelea na ugumu wake bila kituko chochote. Mwamba ulikuwa unasema ukweli muda wote, sisi ndio tulioushika vibaya. Mimi ndiye.

Kina sahihi, katikati ya zile mita nne ngumu, ni mita 2,425.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia shangazi. Alikuwa anapiga pasi. Aliendelea kupiga pasi kola ileile mpaka nikaogopa itaungua.

"Nani mwingine anajua?" akauliza.

"Hakuna."

"Basi pasiwe na mwingine."

"Lakini shangazi, watachimba kwenye udongo. Kilomita moja na nusu ya udongo. Watapasua na itafunga."

"Wana wahandisi, wana mashine, wana watu wamesoma mpaka wamepata vipara. Wewe una chupa ya jemu." Akaweka pasi chini. "Nisikilize, mama. Nimeweka saini kwamba nimechora mimi. Nimemwachia mtoto wa shule kalamu za kampuni. Unajua hiyo ni nini? Hiyo ni barua ya kufukuzwa, na barua hiyo haiji peke yake, inakuja na ya kuhama nyumba. Utasomea wapi? Utalala wapi?"

"Na wakichimba wakakosa, hawatatafuta sababu?"

"Wakikosa watasema ardhi ni ngumu kuijua. Ardhi haifukuzwi kazi."

Sikuwahi kumwona shangazi akiogopa. Huyu ndiye aliyewahi kumrudisha dereva wa lori kilomita arobaini kwa sababu sanduku moja lilikosa kibandiko. Nilidhani watu kama yeye hawaogopi. Nilimjibu vibaya. Nilisema, "Kwa hiyo mistari ni ya nini, kama tukijua imepinda tunanyamaza?" Akatoka nje na mvua ikiwa inanyesha.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Hatusemezani. Ameniwekea chakula, amefunika sahani.

Jumatano, 26 Machi

Jua.

Alhamisi, 27 Machi

Jua kali. Bondeni wamemwaga kokoto. Jirani yangu wa dawati anasema, "Bubu, hali ya hewa ni nzuri, mbona umenuna?" Nikamwambia aninyamazie. Alishtuka kama dawati limeongea.

Ijumaa, 28 Machi

Nilimvizia Mhandisi getini baada ya shule, bado nina sare. Nilikuwa nimeandika maneno yangu kwenye kiganja, jasho likayafuta.

"Shikamoo."

"Marahaba. Shangazi yako yuko ndani."

"Nimekuja kwako. Mche wa tatu umegeuzwa. Juu ni chini."

Akatazama saa. "Nani kakutuma?"

Sikuweza kumtaja shangazi.

"Binti, hata kama, unazungumzia mita tano. Mita tano katika elfu mbili na mia nne."

Nilitaka kusema kwamba kisima kikikunja hakitembei tena mita elfu mbili na mia nne, kinatembea ndani ya tabaka lenye unene wa mita nne, na hapo mita tano ni tofauti ya kuingia nyumbani kwako na kuingia kwa jirani. Nilikuwa nayo sentensi nzima, ina mpaka nukta. Ikatoka hewa.

"Ukiwa na ushahidi, njoo nao," akasema. "Ukiwa na hisia, mwandikie rafiki yako barua. Kesho saa nne tunasaini kina, Jumatatu tunakunja."

Wenzake wawili wakacheka. Nimetembea mpaka nyumbani uso unawaka. Lakini nimeandika hapa neno lake ili lisipotee: ukiwa na ushahidi, njoo nao. Hakusema nani asije. Nitakwenda. Nimechoka kuwa na majibu ambayo hayatoki nje.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika yote leo, hata mkono ukikatika.

Shangazi aliondoka asubuhi bila kuniangalia. Saa tatu na nusu nilivaa sare ya shule, ingawa ni Jumamosi, kwa sababu ndiyo nguo pekee ninayojiona mtu ndani yake. Nikachukua chupa, nikaibeba wima njia nzima kama mtu aliyebeba uji wa mgonjwa. Mlinzi akaniuliza ni dawa ya nani. Nikasema ya Mhandisi. Akaniruhusu.

Ghalani walikuwa watatu: Mhandisi, Kishindo, na shangazi aliyeshika fomu. Masanduku ya mche wa tatu yalikuwa wazi mezani. Mhandisi alikuwa ameshafungua kalamu.

"Umeniambia nije na ushahidi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka.

Shangazi akasema polepole, "Rudi nyumbani."

"Sirudi, shangazi. Nisamehe, sirudi."

Niliweka chupa mezani, mbele ya ile kalamu. Nikasema haya ni maji ya mvua ya wiki nzima, mchanga na tope. Tazameni kilichotangulia chini. Kisha nikampa Kishindo kioo. Nikamwambia aanze na mche wa pili, aseme kwa sauti upande gani mnene.

"Chini," Kishindo akasema. "Chini. Chini. Huyu naye chini."

"Sasa wa nne."

"Chini. Chini."

"Sasa wa tatu."

Akainama. Akafuta kioo kwa shati, akainama tena. "Juu," akasema. Akasogea hatua. "Juu. Na huyu juu. Haya, keki yangu hiyo imepata mpishi."

Mhandisi hakucheka. "Mche ulichorwa na mtunza ghala mwenye uzoefu wa miaka kumi na minne. Nina saini yake hapa. Unataka niamini chupa ya jemu kuliko yeye?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Nilijua nikifungua mdomo nyumba yetu inaweza kuondoka. Nilimtazama shangazi. Nilidhani nitaona hasira. Alikuwa anatazama kidole chake chenye kovu.

"Hakuchora yeye," nikasema. "Nilichora mimi. Nilisimama mlangoni, na meza ilikuwa imegeuzwa, sikujua. Kosa ni langu. Lakini mwamba hauna kosa, na wewe unataka kuupuuza kwa sababu umesemewa na mtoto. Ukikunja mita 2,420 utalala kwenye udongo. Utaupasua na utafunga. Kunifukuza humu hakutaufungua."

Sikushusha macho. Niliyaacha usoni kwake kwa makusudi. Sijawahi kumfanyia mtu hivyo.

"Ni kweli?" Mhandisi akamuuliza shangazi.

Nilijua angeweza kusema hapana. Nisingembishia mbele ya watu.

Shangazi akaweka fomu mezani. "Nilimwachia kalamu mimi. Niligeuza meza mimi, nikasahau mimi. Niliambiwa Jumapili nikamwambia anyamaze, na hilo pia ni mimi. Andika vyote, usichague."

"Meza niliisukuma naye," Kishindo akasema. "Iliingia kinyume, nakumbuka. Nilikuwa nahangaika na damu, sikufikiri."

Mhandisi akachukua kioo mkononi mwa Kishindo. Akainama juu ya mche wa tatu. Alianza sanduku la kwanza akaenda mpaka la mwisho, kijistari kwa kijistari, vyote kumi na tano, kisha akarudi mche wa pili, masanduku yake yakiwa sakafuni. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ikapita. Hakutazama saa. Nilimchukia tangu jana kwa moyo wangu wote, na sasa nilikuwa namtazama mtu mzima aliyepiga goti sakafuni kwa ajili ya mstari wa mchanga mwembamba kama unyasi, na chuki ikakosa pa kukaa vizuri.

Akainuka, akapangusa suruali. Akachukua simu ya upepo. "Simamisheni Jumatatu. Sisaini leo. Ndiyo, najua jua linawaka."

Kisha akamgeukia shangazi, akamsogezea fomu mpya. "Jaza upya. Kina sahihi, mpangilio sahihi."

Kwenye nafasi ya aliyechora mistari, shangazi akaanza kuandika jina lake. Nikaweka mkono juu ya karatasi.

"Hapo ni mimi."

"Mwanafunzi hawezi kutia saini fomu ya kampuni," Mhandisi akasema.

"Aliweza kuchora mistari."

Kishindo alikohoa ili asicheke. Mhandisi akanisogezea kalamu. Akasema, "Andika kwa herufi zinazosomeka."

Jumapili, 30 Machi

Shangazi mwenyewe alifunua sahani yangu, akakaa mbele yangu mpaka nikamaliza. Akasema, "Ulinijibu vibaya siku ile." Nikasema najua. Akasema, "Ulijibu kweli, lakini vibaya." Nikasema najua. Akaniongezea maharage.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua imerudi, na mimi sina haja nayo tena.

Barua zimekuja mbili. Ya kwanza ni ya shangazi: onyo kali, miezi sita ya kuangaliwa. Kazi anayo, nyumba tunayo. Ya pili imebandikwa mlangoni mwa ghala, haina jina lakini kila mtu anajua ni yangu: asiye mfanyakazi haruhusiwi kuingia wakati wa kazi. Kishindo amechora chupa ya jemu pembeni yake kwa kalamu ya risasi.

Sioni haya. Nilidhani nitaona. Nilikosea mita tisa na nimezirudisha mita tisa.

Alhamisi, 3 Aprili

Mwalimu aliuliza kwa nini kitu kilekile kikibanwa kinaweza kupasuka au kuvimba. Nilinyoosha mkono. Nilijibu kwa dakika tatu hivi. Jirani yangu wa dawati anasema atanitafutia jina jipya.

Jumatano, 16 Aprili

Wameanza kukunja Jumatatu, kina cha mita 2,425. Jioni hii Kishindo alipita barazani, akafungua kiganja. Ndani yake chenga nyeusi za mwamba zilizotoka kisimani leo. Akachukua moja akaibonyeza kwa ukucha. Ikakatika, tik, kama biskuti kavu.

"Gesi tutaijua baada ya kupasua, na huko ni mbali," akasema. "Mimi naleta salamu za mwamba tu." Akampa shangazi chenga tatu. Shangazi amezifunga kwenye ile leso aliyofungia kidole.

Jumamosi, 19 Aprili

Leo ghala limefungwa saa saba kamili mchana. Saa saba na dakika kumi nilikuwa mlangoni na kopo la rangi nyekundu lililobaki tulipopaka geti la nyumba.

Shangazi alisoma kile kikaratasi cha mlangoni kwa sauti, neno kwa neno, mpaka "wakati wa kazi". Akatazama saa ya ukutani. Akanifungulia.

Tuliirudisha meza ndefu mahali pake, mimi na yeye, polepole, vidole mbali na nguzo. Tukakubaliana kwamba kuanzia leo, ikibidi meza ihame, mche ushushwe kwanza. Halafu nikavua viatu na soksi. Nikaenda mwisho wa meza inapolala miguu ya mche, upande wa mlangoni, nikasimama wima nikitazama upande wa kichwa, kama mtu anayetaka kuchora. Shangazi akapiga magoti kwa taabu, akachovya brashi, akapita pembeni ya mguu wangu wa kulia, kisha wa kushoto. Rangi ilikuwa ya baridi. Nikaruka pembeni, yeye akajaza katikati.

Sasa kuna nyayo mbili nyekundu kwenye sakafu ya ghala, namba thelathini na saba kama viatu vyangu, mahali pa kusimama. Tulipuliza mpaka zikakauka. Nikavaa viatu, nikafunga kopo, tukafunga mlango.